Tulidhani ni Kalavati

Machi 6

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Mwalimu Owori alikimbilia barazani kwangu, akakaa kati ya vitambaa vya wateja mpaka ikakatika. Ameniomba niandike historia ya chama chetu, "kabla watu hawajaanza kuisimulia vibaya." Nilimwambia nitajaribu. Lakini historia huandikwa mambo yakishatulia, na yetu hayajatulia, kwa hiyo hapa nitayaweka kama yanavyokuja.

Chama kinaitwa Mlango Wazi. Kilianza mwaka jana, malori yalipoanza kumwaga udongo mwekundu ukingoni mwa bonde la mpunga, chini ya mji wetu huu wa mpakani. Wenye mpunga waliuliza nani karuhusu. Wakajibiwa kwamba halmashauri ya mji ilishapitisha: bonde litajazwa kwa awamu, liwe yadi ya malori yanayosubiri kuvuka. Tukaenda ukumbini kusikiliza kikao kilichofuata. Askari akasimama mlangoni akasema kikao si sinema. Hapo ndipo Akumu, mjane mwenye mpunga mwingi kuliko sisi wote, aliposema, "Sisi hapana taka kiti huko ndani. Tunataka mlango tu." Jina likatoka hapo.

Tunadai vikao viwe wazi, na viendeshwe kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Halafu tunataka suala la bonde lirudishwe lijadiliwe upya.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, nikasoma huko, nikaolewa huku. Kiswahili ninacho, Kiingereza ninacho cha shule, na Kipadhola, lugha ya wenyeji wa huku, nilikiokota kwa majirani. Ndiyo maana wakanifanya mkalimani. Mwalimu Owori, anayetuongoza, ni Mpadhola kamili, lakini mbele za watu husema Kiingereza, nami humfuata kwa lugha mbili. Watu wanapenda hivyo. Wanasema hotuba yenye mkalimani ina uzito.

Machi 9

Mvua. Mfungo unaendelea. Hakuna mteja.

Machi 14

Mkutano wa chama, nyumbani kwa Owori. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya Apendi, diwani mwanamke wa kata ya chini, ambako bonde liko. Mtu aliye na jamaa ukumbini amesema kwamba siku ya kupitisha yadi, Apendi alinyosha mkono pamoja na wengine. Watu wake mwenyewe wanalima mle bondeni. Naye tangu achaguliwe hajasikika akisema neno kikaoni.

"Huyu alikula hongo," alisema mmoja, na hakuna aliyebisha.

Owori anataka tumtaje hadharani siku ya soko, ili wapiga kura wajue kabla ya uchaguzi. Nilitafsiri yote. Sikuona kosa ndani yake. Apendi mwenyewe namfahamu kwa mbali: mwanamke mnene, mpole, anayetembea kama anayehesabiwa hatua.

Machi 16

Mujib, mume wangu, ameondoka na lori kwenda Mombasa. Kabla ya kuondoka tulizungumza tena habari za yadi. Yeye anaitaka. Malori hulala kando ya barabara siku baada ya siku, na mwezi uliopita mwenzake alichaniwa turubai usiku, mzigo ukachotwa.

"Chama chako kinataka mpunga," alisema. "Sawa. Na sisi tulale wapi?"

Alikula daku, akaondoka.

Machi 22

Mutwalibu, karani wa mji, alileta suruali ipunguzwe kiuno. Nilimuuliza kwa nini raia wanazuiwa kikaoni. Akasema hakuna kanuni inayowazuia.

"Basi yule askari?"

"Viti havitoshi," alisema. "Na mwenyekiti wa mji hapendi watu wasimame."

Alikuwa hacheki.

Aprili 2

Idi imepita. Jana mvua ilianza magharibi na haikukoma mpaka asubuhi. Maji ambayo zamani yalitawanyika bondeni yamekuta ukuta wa udongo mwekundu, yakageuka, yakaingia nyumba za chini. Jiko la Akumu limeanguka. Asubuhi nilimkuta amesimama kwenye maji akiokota masufuria, moja moja, bila haraka.

"Zamani maji alijua njia yake," aliniambia.

Watoto wamelala kanisani. Owori alikuja na viatu vya mvua, akapiga picha, akasema hili litatusaidia. Nadhani alimaanisha vizuri.

Aprili 5

Apendi amekuja leo na kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la wanawake wa huku. Nilipomwona akipanda barazani nilidhani amesikia tunachopanga na amekuja kunigombeza. Lakini alisimama apimwe, akainua mikono kama mteja yeyote. Tulizungumza Kipadhola.

Nilikuwa nikipima bega aliponiuliza, "Halimah, mosheni ni nini?"

Nilimwambia ni hoja, jambo linaloletwa mbele ya kikao ili liamuliwe.

"Na wakisema difa?"

"Wanaliahirisha. Halikukataliwa, limewekwa kando."

Nikapima mkono, nikapima kiuno. Kisha akaniambia bila kunitazama. Alisoma mpaka darasa la tano. Walipompa kiti cha wanawake alidhani kikao kitakuwa kama mikutano ya kijiji, watu wakiongea. Akakuta ni Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Amezoea kutazama wengine: wakinyosha mkono ananyosha, wakiguna anaguna.

"Na siku ya bonde?"

"Wiki ile nilikuwa nimemsumbua mwenyekiti habari ya kalavati, watutie bomba chini ya njia ya kwetu pale maji yanapoikata. Akaniambia, itakuja kikaoni. Basi nikasikia wanataja kata yangu, wanataja maji, wanataja barabara. Nilidhani ni kalavati. Nilinyosha mkono wa kwanza kabisa."

Pini zilikuwa mdomoni mwangu.

Nilipozitoa nilimwambia aeleze watu. Alitikisa kichwa. "Wakidhani nimekula, wataniona mwizi, lakini mwizi ana akili. Wakijua sielewi, nitakuwa mjinga mpaka nife, na wanangu watakuwa watoto wa mjinga. Usiseme."

Nikamwahidi.

Aprili 12

Mkutano wa chama. Nilisema tusimtaje Apendi. Owori aliuliza sababu. Nikasema hatujamsikia mwenyewe. Akauliza kama nina sababu nyingine, nami nikanyamaza, kwa kuwa niliahidi.

"Nauliza kwa heshima," alisema. "Mumeo ana lori. Sisi wote tunajua yadi inamfaa nani."

Hakuna aliyenitazama. Akumu aliinamia kikombe chake. Owori akaendelea kusema kwamba kuanzia sasa mikutano iwe ya wanachama tu, mlango ufungwe, kwa sababu maneno yanavuja. Ilipigwa kura ikapita. Nilitafsiri na hilo pia.

Njiani Akumu alinishika mkono kwenye tope. "Hata sisi tumefunga mlango sasa," alisema.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 19

Siku ya soko. Anga lilikuwa jeupe, joto la kabla ya mvua. Owori alipanda juu ya kreti za soda, mabango nyuma yake, nami nikasimama kando yake kama kawaida. Nilikuwa nimejiambia asubuhi kwamba nitaumwa kichwa. Sikuumwa.

Alisema Kiingereza chake kizuri. Alisema kuna mtu alipewa kura na watu maskini akauza bonde lao. Nikasema hivyo hivyo kwa Kipadhola, kisha kwa Kiswahili. Akamtaja jina. Nikalitaja. Apendi alikuwa pale pale, mbele ya meza za samaki wakavu, na kikapu chake. Watu wakageuka. Kijana mmoja akapiga teke dimbwi, maji yakamrukia Apendi mpaka kifuani. Wengine wakazomea.

Yeye alinitazama mimi, si Owori. Alinitazama kama mtu anayesikiliza kwa makini. Kisha akamalizia kununua samaki, akasubiri chenji yake, akaenda zake.

Ningeweza kutafsiri vibaya. Ningeweza kulisema jina polepole, au kulimeza. Nilifanya kazi sawasawa, na watu waliniambia kwamba leo nimesema vizuri kuliko siku zote.

Aprili 20

Nimeshona kutwa.

Aprili 27

Mvua tatu kwa siku moja. Mujib amepiga simu. Amekwama kwenye foleni upande wa Kenya, analala ndani ya lori na rungu miguuni.

Mei 3

Mutwalibu amekuja barazani na habari. Mwenyekiti wa mji amekubali kikao kijacho kiwe wazi. Nilimuuliza kilichomgeuza ni picha za mafuriko au ni mabango. Akasema ni uchaguzi, unakaribia. Lugha itabaki Kiingereza, ila mkalimani wa chama anaweza kusimama na watu akawanong'oneza. Ajenda ni moja tu, kuridhia sehemu ya bonde iliyobaki nayo ijazwe.

Jioni Owori alifurahi mpaka akanunua soda za watu wote. Alisema historia ya chama sasa ina sura yake ya kwanza. Nilikunywa soda yangu. Ni kweli kwamba bila yeye tusingefika hapa. Alizunguka nyumba kwa nyumba mwaka mzima kwa viatu vilivyotoboka, na hilo nalo lazima liandikwe.

Mei 10

Gomesi imekwisha. Nimempelekea Apendi mwenyewe, kule chini. Njia imekatika kweli pale anapotaka kalavati. Nilivua viatu nikavuka maji mpaka magotini.

Alinikaribisha kiti, akaniletea chai na karanga. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa lile la sokoni, kwamba nilijua ukweli na bado nikasema.

"Ulisema vizuri," alijibu. Nilidhani ananisimanga, kumbe hapana. "Miaka yote hii nakaa kikaoni sijui wananisifu au wananitukana. Siku ile ndiyo ya kwanza nashtakiwa kwa lugha ninayoielewa. Nilisikia kila neno. Nilikwenda nyumbani nikasema, kama kikao kingekuwa hivi, nisingenyosha mkono ule."

Akajaribu gomesi. Ilimkaa.

Nilimwambia akitaka, siku ya kikao aseme kwa lugha yake, nami nitamgeuzia kwa Kiingereza. Alisema watamcheka. Nikasema ndiyo, watacheka. Akanimiminia chai nyingine.

Mei 14

Mpunga wa Akumu uko chini ya maji. Unaonekana ncha tu.

Mei 22

Nimerudi kutoka kikaoni. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Watu walifika kabla ya madiwani. Viti kweli havikutosha. Walisimama ukutani, wakajaa mlangoni, wakachungulia madirishani, na nje manyunyu yakawalowesha. Askari yule yule alikuwa akiwapisha wazee wapite. Mimi nilisimama nyuma, katikati, nikinong'ona kwa lugha mbili kila kilichosemwa. Mwenyekiti wa mji alinikatiza mara ya kwanza akasema nipunguze sauti. Nikapunguza. Mara ya pili watu wakasema hawasikii. Nikapandisha.

Hoja ikasomwa, Kiingereza kirefu chenye maji, barabara, maendeleo na kata ya chini. Diwani mmoja akaunga mkono. Mwenyekiti akauliza kama kuna mchango, kwa sauti ya mtu anayetarajia kimya.

Apendi akasimama. Alivaa gomesi mpya. Akaanza kwa Kipadhola.

"Mheshimiwa, lugha," mwenyekiti alisema.

Apendi akasita. Nilidhani ataketi. Akabadili, akasema Kiswahili cha sokoni, kile kinachoeleweka na kila mtu hapa mpakani: "Basi nasema hii. Hii mtu wote anasikia."

Madiwani wawili wakacheka. Mwenyekiti akamgeukia karani. Mutwalibu alivua miwani akaifuta, akasema kumbukumbu za kikao lazima ziandikwe kwa Kiingereza, na kwamba kuziandika ni kazi yake, hivyo kama mtu atamtafsiria, yeye ataandika. Nikasogea mbele. Sikumbuki nilivyofika, watu walinipisha.

Alisema polepole, nami nikimfuata kwa Kiingereza.

"Mwaka jana mimi nanyosha mkono kwa hii bonde. Watu nasema nilikula. Mimi hapana kula. Mimi hapana jua Kizungu. Nasikia maji, nasikia barabara, nadhani ni kalavati. Nafurahi. Nanyosha mkono. Mnaweza kucheka. Lakini mimi hapana nyosha tena kwa kitu mimi hapana elewa. Leo mtanieleza kwanza."

Wengine walicheka, mara hii ni wale wa dirishani. Kicheko kikaenda kikapungua chenyewe. Mle ndani hakuna aliyecheka, kwa sababu mzee Ofwono, diwani anayewakilisha wazee, alikuwa amesimama kwa kuegemea fimbo.

"Hata mimi," alisema kwa Kipadhola, akinitazama nimgeuzie. "Hata mimi nilidhani ni kalavati."

Nje mtu alikohoa, tukamsikia wote. Nilimgeuzia mzee maneno yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Diwani kijana alipendekeza hoja iahirishwe, udongo usimwagwe tena mpaka mvua iishe. Apendi akaniinamia: "Hiyo ndiyo difa?" Nikasema ndiyo. Akanyosha mkono. Ikapita kwa kura chache. Ikapita pia kwamba kila kikao kiwe na mkalimani, na raia wapewe nafasi ya kusema kabla ya kura. Udongo uliokwisha kumwagwa umebaki pale pale.

Nje, Owori alimfuata Apendi kwenye manyunyu. Uso wake ulikuwa umechoka. "Mama, ungetuambia," alisema, kwa Kipadhola.

"Mlikuja na mabango, Mwalimu," Apendi alisema. "Hamkuja na swali."

Mei 25

Mkutano wa chama, mrefu. Akumu alisema tulimchafua mtu sokoni, basi tumsafishe sokoni. Owori alipinga. Alisema chama kikikiri kosa sasa, mwenyekiti wa mji atatumalizia hapo. Niligundua kwamba sina hasira naye. Alikuwa akitetea kitu alichokijenga kwa mikono yake, na aliona kinataka kuanguka.

"Anguka gani?" Akumu alisema. "Jiko yangu ndiyo ilianguka."

Kura ilipigwa mlango ukiwa wazi. Akumu aliufungua mwenyewe alipoingia. Owori alishindwa. Akasema kama ni hivyo atakwenda yeye, asitumwe mwingine.

Mei 31

Amekwenda. Hakupanda kreti, alisimama chini, mbele ya meza za samaki. Alianza kwa Kiingereza, akanitazama nianze. Nikamwambia taratibu, "Mwalimu, hili sema mwenyewe."

Akasema kwa Kipadhola kwamba Apendi hakula, kwamba tulimshtaki bila kumuuliza. Maneno yake yalikuwa machache, kisha yakamwishia. Apendi alikuwa mbali, kwenye nyanya. Aliitikia kwa kichwa. Wengi sokoni hawakusikia, walikuwa wakinunua.

Juni 8

Siku ya tatu bila mvua. Maji bondeni yanashuka, yanaacha harufu. Akumu ameanza kujenga jiko.

Juni 11

Mujib amerudi amekonda. Turubai lake nalo limechanwa, kule kule barabarani. Alikula, akalala, akaamka, akaniuliza kikao kijacho ni lini. "Nasikia siku hizi mtu yeyote anaruhusiwa kusema," alisema.

Juni 19

Kikao. Mkalimani wa halmashauri kwa sasa ni mimi, hawajapata mwingine. Watu wamepungua, viti vimetosha.

Mume wangu alisimama kwenye nafasi ya raia. Alivaa kanzu ya Ijumaa. Alisema Kiswahili chake cha barabarani, bila matusi na bila kunitazama. Alisema pale palipokwisha kujazwa udongo, mpunga hautaota tena. Basi malori yapewe hiyo tu, pande nyingine ziachwe, na wenye malori watachimba mtaro kwa gharama yao. Alieleza jinsi watu wanavyolala na rungu. Nilimtafsiri neno kwa neno. Nilijua Owori ananisikiliza, na Akumu pia, nikahakikisha hakuna kilichopungua wala kuongezeka. Kusema kweli, maneno yake yalikuwa na haki. Sijui mimi ningepiga kura gani.

Diwani mmoja akaichukua iwe hoja. Ikaungwa mkono.

Apendi aliuliza maswali. Mtaro utapeleka maji wapi? Mujib akasema upande wa mto. Kati ya yadi na mto kuna nini? Mujib akafikiri, akasema kuna nyumba. "Ni nyumba za nani?" Mujib hakuzijua. Apendi akazitaja, familia baada ya familia, na nilipomaliza kuzitafsiri mwenyekiti akaita kura.

Apendi alinigeukia. "Wamesema sehemu iliyojazwa tu, si zaidi?"

"Si zaidi."

"Na mtaro ni wao watachimba?"

"Wao."

Akafikiri. Mikono ilikuwa juu nusu ya ukumbi. Wa kwake ukabaki mapajani. Hoja ikaanguka kwa kura moja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Mujib, njia ni kavu sasa. Karibu na kituo cha bodaboda nilimwambia pole.

"Umetafsiri sawa?" aliuliza.

"Sawa."

"Na yule mama alielewa?"

"Kila neno."

"Safari hii angalau najua nani kanikatalia," alisema, "na najua kwa nini. Nitakwenda kuziona hizo nyumba." Kisha akauliza kuna nini cha kula.